Asilimia nne ya jani: barua ya wazi kwa Bodi ya Mkonge Tanzania

Kwa Mwenyekiti na Wajumbe wa Bodi ya Mkonge Tanzania, Tanga. Kwa viongozi wa vyama vya ushirika vya wakulima wa mkonge. Na kwa wenye mashamba makubwa.

Ndugu zangu,

Mimi ni mhandisi wa viwanda, na kazi yangu imenikalisha karibu na mashine za mkonge na watu wanaozilisha. Nina ombi moja kwenu. Acheni kuupanga mkonge vipande vipande, ekari peke yake, miche peke yake, mashine peke yake. Upangeni kama mfumo mmoja unaoanzia kitaluni na kuishia bandarini, wenye mto ndani yake, umeme ndani yake, mabaki ndani yake, na mkataji wa majani ndani yake. Elimu ya kufanya hivyo ipo. Sehemu yake nzuri imefanyiwa utafiti hapa hapa nchini, juu ya jani hili hili. Kilichokosekana ni mwenye mamlaka wa kuitia kazini, na mamlaka hayo mnayo ninyi.

Hesabu ya kwanza kila mtu wa korona, mashine ya kuchakata majani ya mkonge, anaijua. Jani likichakatwa hutoa singa kavu kiasi cha asilimia nne tu ya uzito wake. Kwa hiyo, ili tupate tani moja ya singa, tani 25 za majani lazima zikatwe, zifungwe, zipakiwe kwenye tela, zivutwe hadi kiwandani na kulishwa mashine. Kisha karibu tani 24 zinaondoka bila kuingia kwenye daftari la mtu yeyote. Kuhusu maji, makadirio ya watafiti ni kiasi cha meta za ujazo 100 kwa kila tani ya singa. Sasa lichukueni lile lengo la tani 120,000 kwa mwaka ambalo Serikali ilitaka lifikiwe 2025. Kwa namna tunavyochakata leo, lengo hilo ni pia lengo la takriban tani milioni 2.9 za mabaki na meta za ujazo milioni 12 za maji machafu, kila mwaka. Tukitangaza la kwanza tumeshatangaza na haya mawili, hata kama hayamo kwenye hotuba.

Simameni nyuma ya korona asubuhi, zamu ikiwa imechanganya. Mbele, walishaji wanafungua mafungu ya majani thelathini thelathini na kuyatandaza. Majani yanaingia yamelala ubavu. Ngoma yenye visu butu inaponda nusu moja, ya pili inaponda nusu iliyobaki, na maji yanamwagika juu muda wote. Singa zinatoka zimelowa, rangi iko kati ya kijani na maziwa, na watu wanazibeba kwenda kwenye kamba za kuanikia. Upande huo ndio wageni wanaopelekwa kuuona. Chini ya mashine kuna mfereji. Humo linapita tope la kijani lenye povu, zito kama uji, limebeba nyama ya jani, juisi inayowasha ngozi, na singa fupi zilizoponyoka. Siku ya kwanza linanuka majani mabichi. Siku ya tatu linanuka uchachu unaokukaa kooni. Likifika mtoni, vijidudu vinavyoliozesha vinamaliza hewa iliyomo majini, na samaki wanakosa pa kupumulia.

Na mto wenyewe, kwa viwanda kadhaa vya Korogwe, ni Pangani. Ni mto uliokwisha kubeba mizigo mingi kabla ya kutufikia. Unakusanya maji ya Kilimanjaro na Meru, unapita bwawa la Nyumba ya Mungu, unamwagilia mashamba ya watu, kisha unazungusha mitambo ya Hale yenye megawati 21 na ile ya Maporomoko Mapya ya Pangani yenye megawati 68, ndipo unaingia baharini. Mto huohuo unatupa umeme wa kuendeshea korona na kupokea uchafu wa korona. Mhandisi wa mifumo akiona hivyo anajua yuko mbele ya mzunguko mmoja uliogawanywa kwenye ofisi tano: Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani inapima maji, mamlaka ya mazingira inaangalia uchafuzi, shirika la umeme linaangalia mitambo, ninyi mnaangalia singa, na mkulima anaangalia malipo yake. Kila mmoja anafanya kazi yake vizuri, na bado mzima unaharibika.

Hapo ndipo kilipo kiini cha uhandisi wa mifumo ya uzalishaji. Haukuja kumfundisha meneja kubana matumizi ya dizeli. Unauliza mpaka wa mfumo umechorwa wapi. Ukiuchora kwenye ukuta wa kiwanda, mabaki ni gharama ya kuyasukuma nje, basi. Ukiusogeza hadi mtoni na hadi shambani, mabaki yaleyale yanageuka nishati, mbolea na kipato, na gharama iliyokuwa imejificha kwa mama anayeteka maji chini ya mto inajitokeza mezani. Jani halijabadilika, kilichobadilika ni mahali tulipoamua kuacha kuhesabu.

Ushahidi hauko mbali. Mwaka 2004 Anthony Mshandete na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na mwenzao wa Lund, Sweden, walichapisha matokeo ya kuozesha nyama ya mkonge pamoja na taka za samaki. Mchanganyiko ulitoa methani zaidi kwa asilimia 59 hadi 94 kuliko kila taka ikiozeshwa peke yake, kwa sababu mkonge una kaboni nyingi na naitrojeni kidogo, na samaki anaziba pengo hilo. Miaka miwili baadaye walionyesha kwamba taka za singa zikikatwa hadi milimeta 2 methani inaongezeka kwa asilimia 23. Wengine chuoni hapo wakaotesha uyoga juu ya mabaki hayohayo. Tafakarini kidogo: mkoa wa Tanga una mkonge bara na samaki pwani, barabara ya lami katikati. Kama kuna mahali duniani ambapo utafiti ule uliandikiwa, ni hapa.

Na haukuishia maabara. Pale Hale, kampuni ya Katani, kwa msaada wa UNIDO na Mfuko wa Pamoja wa Bidhaa, ilijenga mtambo wa kuzalisha umeme kwa gesi ya mabaki ya mkonge, kilowati 150 kwa kuanzia, na kufikia 2008 ulikuwa umekamilika. Ulikuwa wa kwanza wa aina yake duniani. Watu walitoka mbali kuja kuutazama. Leo, baada ya miaka yote hii, hatuna mtambo wa namna hiyo kwenye kila korona, na nadhani sababu haimo ndani ya tanki la gesi. Meneja wa kiwanda hupimwa kwa tani za singa, si kwa kilowati. Mkulima hulipwa kwa singa, kwa hiyo mabaki si yake na hana sababu ya kuyadai. Benki inayokopesha mashine haiulizi mfereji unakwenda wapi. Mtambo uliwekwa ndani ya mfumo ambamo hakuna aliyekuwa akipata nafuu ukifanya kazi wala kupata hasara ukisimama. Kifaa bora kabisa hakiwezi kuishi katika mazingira hayo.

Wadenmark walipitia njia nyingine, na inafaa kuitazama bila kuiga kila kitu. Katika mji mdogo wa Kalundborg, mwaka 1972, kiwanda cha mbao za jasi kilianza kutumia gesi ambayo kiwanda jirani cha kusafisha mafuta kilikuwa kikiichoma bure hewani. Taratibu kituo cha umeme kikaanza kuuza mvuke kwa kiwanda cha dawa na kwa kile cha mafuta. Jasi iliyopatikana kwa kusafisha moshi wa kituo hicho ikaenda kutengeneza mbao. Masalia ya uchachushaji wa kiwanda cha dawa yakapelekwa kwa wakulima kuwa mbolea. Hakuna waziri aliyeagiza. Ilikuwa mikataba ya jirani na jirani, mmoja baada ya mwingine, kila mkataba ukimlipa kila upande. Lakini walikuwa na kitu ambacho sisi hatuna: wakuu wa viwanda waliofahamiana, na takwimu ambazo kila mmoja alikuwa tayari kumwonyesha mwenzake. Takwimu zetu za mabaki na maji zingali zimefungiwa makabatini, pale zilipo. Mahali pengine hazijawahi kupimwa kabisa.

Naomba sasa niseme juu ya muda, maana hapa ndipo ninapoogopa zaidi.

Mkonge hauvunwi mwaka unaopandwa. Unasubiri miaka miwili mpaka mitatu kabla ya kukata jani la kwanza, kisha unakatwa kwa miaka mingi hadi utoe mlingoti na kufa. Jay Forrester wa chuo cha MIT, Marekani, mwandishi wa kitabu Industrial Dynamics cha 1961, alionyesha kitu kinachotuhusu moja kwa moja. Mameneja wa kiwanda kimoja cha General Electric huko Kentucky walikuwa wakilalamika kwamba kila baada ya miaka kadhaa wanaajiri kwa wingi, halafu wanapunguza watu, na wakaulaumu uchumi wa nchi. Forrester alipiga hesabu kwa mkono kwenye daftari na kuonyesha kwamba mawimbi yale yalikuwa yakizaliwa ndani, katika kanuni zao wenyewe za kuagiza na kuajiri, kwa sababu ya kuchelewa kati ya uamuzi na matokeo yake. Ucheleweshaji ukiwa mrefu na kila mtu akijibu bei ya leo, mfumo unajiyumbisha wenyewe.

Basi isomeni historia yetu kwa jicho hilo. Kutoka miche 62 iliyopona kati ya elfu moja aliyoiagiza Dk. Richard Hindorf mwaka 1893, tulifika karibu tani 230,000 mwaka 1964 na kuwa wa kwanza duniani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, vita vya Korea vilipandisha bei na watu wakapanda mkonge kwa pupa. Majani yakaja kwa wingi wakati kamba za plastiki zikianza kuingia sokoni, bei ikaporomoka, na mashamba yakaachwa yaote vichaka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 tulikuwa tumebaki na takriban tani 20,000. Wapo wanaolaumu Azimio la Arusha, wapo wanaolaumu plastiki, na mjadala huo una haki yake. Mimi naongeza la tatu: hapakuwa na daftari linaloonyesha nani amepanda nini na litaanza kukatwa lini, kwa hiyo hapakuwa na njia ya kuliona wimbi kabla halijatufikia. Sasa bei imekuwa nzuri tena, miche inagawiwa tena, watu wanapanda tena. Daftari liko wapi?

Tayari dalili ya kwanza imejitokeza, na wakulima wadogo wanaijua kuliko mimi. Jani likishakatwa lina siku moja au mbili. Likizidi hapo linasinyaa, singa inabadilika rangi, na daraja linashuka. Kwa hiyo mkulima mwenye ekari zake kumi hana mavuno mpaka apewe zamu ya korona. Zamu ikichelewa, ama anaacha majani yazeeke juu ya mmea, ama anakata kwa kubahatisha na kuyaangalia yakikauka kando ya barabara yakisubiri tela. Nimeona mafungu yaliyopangwa vizuri, yamefungwa kwa mikono yenye subira, yamegeuka rangi ya majivu. Eliyahu Goldratt alieleza jambo hili katika kitabu The Goal mwaka 1984: mfumo mzima hauwezi kwenda kasi kuliko sehemu yake iliyo nyembamba kuliko zote, na juhudi yoyote inayowekwa mahali pengine inaongeza foleni tu. Sehemu yetu nyembamba ni korona na tela. Kila mche tunaogawa bila kugusa hapo ni ahadi ya foleni ndefu zaidi baada ya miaka mitatu.

Jibu la haraka linalosikika ni mashine ndogo za kuhamishika. Nazikubali kwa sehemu, kwani zinapunguza safari ya majani na nyingine hazihitaji maji, hivyo mabaki yanabaki shambani yakiwa mbolea. Lakini itazameni Brazili, mzalishaji mkubwa kuliko wote, ambako huko Bahia mashine ndogo inayolishwa kwa mkono imewakata vidole na viganja wafanyakazi wengi kwa miongo kadhaa. Mashamba yetu yana historia ya kutosha ya kumhesabu mtu kama namba. Babu zetu manamba waliipitia. Mashine inayookoa maji na kula mkono wa kijana haijaokoa kitu. Mfumo unaoitwa endelevu lazima umbebe na mlishaji.

Sasa niseme ninachowaomba, kwa majina yake.

Chagueni kiwanda kimoja, na kwa mwaka mzima mpime kila kinachoingia na kila kinachotoka: majani, maji, umeme, dizeli, saa za kusubiri, singa kwa madaraja yake, mabaki, fedha, na majeraha. Mpeni kazi hiyo mtu wa idara ya uhandisi wa viwanda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, pamoja na wataalamu wa TARI Mlingano wanaoujua mmea wenyewe, na TEMDO ya Arusha kwa upande wa mashine. Wanafunzi wa uzamili wapo, wanatafuta mada. Matokeo yachapishwe kwa Kiswahili, yabandikwe ofisi za vyama vya ushirika (AMCOS). Wakulima wataelewa, wamekuwa wakipiga hesabu hizi kichwani kwa muda mrefu.

Kibali au mkopo wowote wa korona mpya unaopita mikononi mwenu usitolewe bila mchoro wa mabaki na maji yake: yatakwenda wapi, yatatumika na nani, maji yatarudishwa mara ngapi kabla ya kuachiwa. Ni rahisi sana kujenga shimo la gesi na bwawa la kutuamisha wakati msingi unachimbwa. Kuviongeza baadaye ni vita ya bajeti ya kila mwaka, na kila mwaka vinashindwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inaliunga mkono sharti hilo. Na EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, ina utaratibu wa wazalishaji wadogo wa umeme wasiozidi megawati 10, ambamo mtambo wa mkonge unaingia vizuri. Kaeni nao meza moja kabla ya mashine kununuliwa.

Anzisheni daftari la upandaji la kila wilaya, na mgawe miche kwa awamu kulingana na uwezo wa korona utakaokuwepo miaka mitatu mbele. Najua ni vigumu kumwambia mbunge kwamba jimbo lake lisubiri mwaka mmoja. Ni vigumu zaidi kumwambia mkulima kwamba jani lake halina wa kulichakata.

Na la nne, ambalo kwangu ni kubwa kuliko yote: mabaki yawe na mwenyewe. Mikataba kati ya mkulima na kiwanda iandike waziwazi kwamba mkulima ameleta tani 25, si tani moja, na kwamba chochote kitakachopatikana kutokana na zile 24, iwe umeme, mbolea, uyoga au dawa, sehemu yake ni ya aliyelima. Katika miaka ya 1950 juisi ya mkonge wa Afrika Mashariki ilitumika kupata hekojenini, malighafi ya kutengenezea dawa za jamii ya kotisoni. Thamani ile ilitoka kwenye majani yetu bila mkataji kujua. Siku mabaki yatakapoandikwa kwenye stakabadhi ya mkulima, hata iwe shilingi chache kwa tani, watakuwepo maelfu ya watu wenye sababu ya kuuliza kwa nini mtambo wa gesi umesimama tangu Jumatatu. Hakuna mkaguzi anayeweza kufanya kazi hiyo vizuri kuliko wao.

Mtaniambia fedha ni chache. Ni kweli, na ndiyo maana nimeomba kiwanda kimoja kwanza. Upimaji wa mwaka mmoja hauhitaji mashine mpya. Unahitaji mizani, mita ya maji, saa, na mtu mwaminifu wa kuandika. Asilimia kubwa ya tunayoyaita matatizo ya mtaji yatageuka kuwa matatizo ya kupanga zamu pindi tutakapoyaona kwenye karatasi.

Kiwanda mkichague ninyi. Ningependa kiwe kile ambacho mfereji wake unaingia mtoni moja kwa moja, na ambacho wakulima wake wamelalamika zaidi juu ya majani kukaukia shambani, kwa sababu hapo ndipo pa kujifunza mengi kwa haraka. Kikao cha kwanza cha kupanga upimaji kisiwe cha mameneja na watafiti peke yao. Mkataji mmoja awepo, dereva wa tela awepo, mlishaji wa korona awepo, na mwanamke mmoja anayeteka maji chini ya kiwanda awepo. Walipwe posho ileile wanayolipwa wajumbe wengine, na wao waseme kwanza.

Wenu katika kazi,

Mhandisi wa viwanda, Korogwe